Uhisani wa jamii na dai la usawa: Mafunzo ya Hadado na Kaskazini Mashariki

Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kutoa si jambo ambalo watu wamefundishwa na wageni. Mfugaji aliyebakiwa na ngamia humkopesha jirani aliyepoteza mifugo yake yote. Misikiti hukusanya zaka na kuigawa kwa mayatima na wajane. Vijana waliohamia Nairobi, Dubai au Minneapolis hutuma fedha nyumbani hata kabla ya kujilipia kodi ya nyumba. Hata hivyo, eneo hili linalojua sana kutoa limekuwa, kwa zaidi ya karne moja, miongoni mwa maeneo ya nchi yaliyonyimwa mengi zaidi.

Makala haya yanaeleza jinsi uhisani wa jamii unavyofanya kazi katika eneo hilo, jinsi ulivyoshirikiana na mashirika yasiyo ya kutafuta faida, na mahali ambapo mchango, hata uwe mkubwa kiasi gani, hugonga ukuta. Funzo lake kuu ni moja: mchango huokoa maisha, lakini usawa hupatikana pale mchango unapoungana na dai la haki.

Hadado na majirani zake

Hadado ni mji mdogo wa wafugaji katika Kaunti ya Wajir. Uko katika eneobunge la Wajir Magharibi, na wadi yake hujulikana kama Hadado/Athibohol. Wadi nyingine za eneobunge hilo ni Arbajahan, Ademasajide na Ganyure/Wagalla. Wakazi wake wengi ni Wasomali, nao hutegemea ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kaunti ya Wajir haina mto wa kudumu, kwa hivyo maisha ya watu na mifugo hutegemea visima na mabwawa yanayojaa wakati wa mvua. Kisima kikiharibika au mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo, ukoo mzima hulazimika kuhama.

Wajir, Garissa na Mandera ndizo zilizokuwa zikiunda Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya ugatuzi kuanza mwaka 2013. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Wajir ilikuwa na watu 781,263, Garissa 841,353 na Mandera 867,457. Kwa jumla ni karibu watu milioni 2.5.

Unyimwaji ulivyojengwa

Umaskini wa eneo hili hauwezi kuelezwa kwa ukame peke yake. Sheria ziliutangulia na kuukuza.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya wilaya za pembezoni iliyoiwezesha kuyafunga maeneo ya kaskazini. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwaongezea maofisa wa wilaya mamlaka ya kuzuia watu kuhama na kuwaadhibu. Wakati huohuo utawala huo uliwapanga watu kwa mbari zao: Mzungu, Mhindi, Mwarabu na "mwenyeji", na kila kundi likapewa kodi yake, mahakama yake na mipaka yake. Wasomali walivuruga mpango huo. Amri ya mwaka 1919 iliwaruhusu baadhi yao, hasa wafanyabiashara wa mijini, wasihesabiwe kuwa wenyeji katika mambo fulani, ilhali wafugaji wa kaskazini waliachwa chini ya sheria za wilaya zilizofungwa. Swali la Msomali wa Kenya ni nani hasa lilianzia hapo, nalo halikumalizika bendera ya ukoloni iliposhushwa.

Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuuliza maoni ya wakazi iligundua kwamba Wasomali wengi wa kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Ombi hilo lilikataliwa. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi mwaka 1967. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi Novemba 1991. Kwa miaka 28 eneo hilo liliongozwa kwa kanuni ambazo hazikutumika kwingineko nchini.

Mwaka 1965 serikali ilichapisha Waraka wa Kikao Nambari 10 kuhusu sera ya uchumi. Waraka huo ulisema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na barabara, ili faida yake isaidie maeneo mengine baadaye. Kwa Hadado maana yake ilikuwa wazi. Palipokuwa na barabara paliongezewa barabara, na pasipokuwa nayo pakaambiwa pasubiri.

Kisha yakaja mauaji. Mnamo Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilisema kwamba waliokufa ni 57. Manusura na watafiti wametaja mamia, na wengine maelfu. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliotimu umri wa kuchukua kitambulisho wapigwe msasa, na waliofaulu wakapewa kadi maalumu. Hakuna jamii nyingine nchini iliyotakiwa kuthibitisha uraia wake kwa pamoja namna hiyo.

Waswahili wana methali isemayo, "Mgala muue na haki yake umpe." Mgala ni jina ambalo watu wa pwani zamani waliwaita Waoromo wa kaskazini, nao wenyewe hawalipendi. Methali hiyo imebeba dharau na haki katika pumzi moja: inamchukulia mtu wa kaskazini kuwa adui, lakini inakiri kwamba hata yeye ana haki yake. Kwa miongo mingi utawala wa Kenya ulishika nusu ya kwanza ya methali hiyo na kuisahau ya pili.

Kutoa kwa jadi

Katika hali hiyo, watu wa Kaskazini Mashariki waliishi kwa kutegemeana. Njia zao za kusaidiana zina majina na kanuni.

Kwanza kuna qaaraan, yaani mchango wa pamoja. Mtu akipatwa na msiba, akitakiwa kulipia matibabu au kijana akipata nafasi ya masomo, wazee huwaita watu wa ukoo na kila mmoja hutajiwa kiasi chake. Asiyechanga hujulikana, na siku yake ya shida hukumbushwa.

Pili kuna irmaansi, ambayo ni kumkopesha mtu ngamia au mbuzi wa maziwa. Mkopaji hukama na kulisha watoto wake, na mnyama hubaki kuwa mali ya mwenyewe. Kwa njia hiyo familia iliyofilisika haiombi chakula kila siku, bali hupata muda wa kuanza upya huku heshima yake ikihifadhiwa.

Tatu ni zaka na sadaka, ambazo ni wajibu na hiari za dini. Nne ni dia, fidia ya damu ambayo hulipwa na ukoo mzima badala ya mkosaji peke yake. Dia si uhisani, lakini hufundisha jambo lilelile, kwamba mzigo wa mmoja ni wa wote.

Tangu uhuru kumekuwa pia na Harambee, wito ambao Mzee Jomo Kenyatta aliueneza mwaka 1963. Madarasa mengi ya Kenya yalijengwa kwa Harambee. Lakini Harambee ilikuwa na kasoro moja kubwa kwa maeneo kama Hadado. Eneo lenye kahawa, chai na mawaziri lilichanga zaidi, likajenga zaidi, kisha likaidai serikali walimu wa kufundisha katika shule zilizokwisha kujengwa. Eneo la wafugaji lilichanga kidogo na likapata kidogo. Hivyo mpango uliokusudiwa kuwaunganisha Wakenya ulipanua pengo kati yao.

Njia za jadi nazo zina mipaka. Ukame haubagui. Unapokausha visima vya Hadado, mkopeshaji na mkopaji wote huwa wamepoteza mifugo yao. Isitoshe, mchango wa ukoo hukaa ndani ya ukoo. Ukoo wenye watu wengi ughaibuni hujengewa zahanati, na jirani wake asiye na ndugu Ulaya au Marekani hubaki vilevile. Aidha, maamuzi mengi hufanywa na wanaume wazee, ilhali wanaobeba maji na kuuguza wagonjwa ni wanawake.

Wanawake wa Wajir walivuka mipaka ya ukoo

Mfano mashuhuri wa uhisani uliovuka mipaka hiyo ulitoka Wajir kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya ukame na kuporomoka kwa serikali ya Somalia, mapigano ya koo yalizuka kati ya Waajuran, Wadegodia na Waogaden. Soko la Wajir liligawanyika, na mwanamke wa ukoo mmoja akaogopa kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo mwingine.

Kundi dogo la wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, lilianza na soko hilo. Walikubaliana kulilinda ili kila mwanamke auze na kununua bila kuulizwa ukoo wake. Hawakuwa na ofisi wala mfadhili. Walitumia muda wao na fedha zao kidogo, kisha wakawaendea wazee, vijana na wafanyabiashara. Septemba 1993 wazee wa koo walitia saini Azimio la Al-Fatah, ambalo liliweka kanuni za kuishi pamoja. Mwaka 1995 iliundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyowaunganisha raia na maofisa wa serikali, na mfano wake ukaigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Dekha alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Jambo la kuzingatia ni mpangilio wa mambo. Mashirika ya nje, yakiwemo ya Uingereza, yalikuja kusaidia baadaye. Yalikuta kazi imeanza, wenyewe wapo na kanuni zimewekwa, nayo yakaongeza nguvu badala ya kuleta mpango wao.

Mgeni anaweza kuheshimu mwenyeji kwa namna nyingine pia. Annalena Tonelli, mwanasheria kutoka Italia, aliishi Wajir kuanzia miaka ya 1970 akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo iliaminiwa kwamba mfugaji hawezi kutibiwa ugonjwa huo, kwa kuwa huhama kabla ya kumaliza dawa. Tonelli alikataa hoja hiyo. Alianzisha manyata ya wagonjwa ambamo familia zilijenga vibanda kwa desturi yao, na kila mgonjwa akameza dawa mbele ya mhudumu hadi akapona. Shirika la Afya Duniani baadaye lilieneza njia inayofanana na hiyo katika nchi nyingi. Mwaka 1984 aliwasaidia majeruhi wa Wagalla, na baadaye akalazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka uleule alipotunukiwa Tuzo ya Nansen. Alichokibadilisha ni hospitali, ili imfae mfugaji jinsi alivyo.

Mchango wa taifa na fedha za dharura

Ukame wa mwaka 2011 ulileta aina nyingine ya uhisani. Kampeni ya "Wakenya kwa Ajili ya Wakenya" ilianzishwa Julai mwaka huo na wakfu wa kampuni ya Safaricom, benki ya KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu. Lengo la kwanza lilikuwa kukusanya shilingi milioni 500 katika wiki nne, na lengo hilo lilipitwa. Watu wa kawaida walituma shilingi kumi au ishirini kupitia M-Pesa. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza Mkenya wa Nyeri au Kisumu kuchangia moja kwa moja chakula cha Mkenya wa Wajir au Turkana. Hilo lilikuwa jambo kubwa katika nchi ambayo wasafiri wa kaskazini huaga wakisema kwamba "wanakwenda Kenya".

Hata hivyo, huruma ya msimu haijengi kisima cha kudumu. Ukame ulirudi mwaka 2017, na kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, serikali ya Kenya na wafadhili, hasa Uingereza, walikuwa wameanza mpango wa kuzipa fedha taslimu familia maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Awali kila familia ilipata shilingi 2,150 kila miezi miwili. Baadaye kiasi hicho kilifika shilingi 5,400. Mpango huo uliacha kumchagulia maskini cha kula. Alipewa fedha, akaamua mwenyewe kama anunue unga, alipe deni la duka au amtibu mtoto.

Lakini fedha hizo zilipitia benki, na benki ilitaka kitambulisho. Ndipo ilipodhihirika kwamba watu wengi waliostahili msaada hawakuwa na kitambulisho cha taifa. Majina mengine yaliwekwa ili fedha zichukuliwe kwa niaba yao. Mfadhili alikuwa na fedha, mhitaji alikuwa na njaa, na kati yao kulikuwa na karatasi ambayo serikali ilikataa kuitoa.

Msaada uliogharimu uraia

Hakuna jambo linaloonyesha mipaka ya uhisani kuliko suala la watu waliosajiliwa mara mbili. Kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, zilianza kujengwa mwaka 1991. Ndani ya kambi kulikuwa na chakula cha mgao, shule na hospitali. Nje ya kambi, Wakenya maskini waliokuwa wakikabiliwa na ukame uleule hawakupata hata nusu ya huduma hizo. Baadhi ya wazazi waliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wale na wasome.

Watoto hao walipofika miaka 18 na kwenda kuomba vitambulisho, mashine iliwakataa. Alama za vidole vyao zilikuwa kwenye orodha ya wakimbizi. Waliozaliwa Kenya na wazazi Wakenya wakawa si raia wala si wakimbizi. Idadi yao imekadiriwa kuwa takriban 40,000. Bila kitambulisho mtu hawezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki, kuajiriwa, kupiga kura, wala kupita kizuizi cha polisi barabarani bila wasiwasi. Hawezi hata kupokea mchango wa ndugu yake kwa simu kwa jina lake mwenyewe.

Hapa ndipo mashirika ya kisheria yalipoingia. Haki na Sheria, shirika lenye makao yake Garissa, lilianza kuwatumia wasaidizi wa kisheria kutoka jamii yenyewe. Hao huandamana na waombaji hadi ofisi za usajili, huandika kila kisa na kufuatilia kila jibu. Shirika hilo lilishirikiana na mashirika ya kimataifa yanayoshughulikia haki ya uraia. Mwaka 2021 lilipeleka kesi Mahakama Kuu ya Garissa kwa niaba ya waliosajiliwa mara mbili, na Januari 2025 mahakama iliwapa ushindi walalamishi. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa mjini Wajir, Rais William Ruto alitia saini agizo la kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mipakani.

Agizo na hukumu ni mwanzo tu. Ofisa wa usajili akiendelea kudai hati ambazo sheria haizitaji, mwananchi wa Hadado atahitaji mtu wa kumsindikiza na kumwandikia malalamiko. Nauli ya kwenda mjini Wajir na kurudi, chakula cha siku na nakala za hati ni gharama ambazo familia maskini haiwezi kuzibeba. Basi hapo mchango mdogo wa jamii una thamani kubwa: qaaraan ya nauli inaweza kumpa mtu uraia.

Jamii nyingine zilizodai

Wasomali wa Kenya si wa kwanza kupita njia hiyo. Wanubi, ambao babu zao waliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, walipigania vitambulisho na ardhi ya Kibera kwa miongo mingi. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Baadaye Jukwaa la Haki za Wanubi lilikuwa miongoni mwa waliopinga mahakamani mpango wa Huduma Namba, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikausimamisha hadi kuwe na sheria kamili ya kulinda habari za watu.

Wamakonde wa Kwale, waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi bila uraia kwa vizazi kadhaa. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi wakisaidiwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika la kiraia. Walipokelewa Ikulu, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Washona walifuata mwaka 2021 na Wapemba mwaka 2023. Katika visa hivi vyote jamii ilijipanga kwanza, shirika la sheria likatoa utaalamu, na fedha za nje zikaja kuongeza nguvu.

Nani ashike mfuko?

Swali la usawa haliihusu serikali peke yake. Linayahusu mashirika ya misaada pia. Kwa miaka mingi mradi wa Wajir uliandikwa London au Washington, ukasimamiwa Nairobi, na shirika la mtaa likapewa kazi ya kugawa na kutia saini. Anayeijua ardhi, lugha na visima ndiye aliyelipwa kidogo na kuulizwa mwisho. Wengi wameuita mpangilio huo kwa jina lake, kwamba ni mabaki ya ubaguzi wa kimbari katika kazi ya huruma.

Sauti moja ya kupinga mpangilio huo imetoka katika eneo lenyewe. Shirika la Adeso lilianzishwa mwaka 1991 na mwanamke Msomali, Fatima Jibrell, na limefanya kazi Somalia na kaskazini mwa Kenya. Kiongozi wake, Degan Ali, alikuwa miongoni mwa walioanzisha mtandao wa NEAR wa mashirika ya nchi za Kusini, uliozinduliwa mwaka 2016. Mwaka huo, katika mkutano wa Istanbul, wafadhili wakubwa waliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya fedha za dharura ingeyafikia mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika, lakini fedha zilizokwenda kwao moja kwa moja zilikuwa chini sana ya kiwango hicho.

Ndani ya Kenya, Wakfu wa Maendeleo ya Jamii wa Kenya, KCDF, ulioanzishwa mwaka 1997, umekuwa ukihimiza njia tofauti. Jamii hukusanya mchango wake kwanza, kisha wakfu huongezea, na baadhi ya fedha huwekwa kama akiba ya kudumu. Jamii iliyotia fedha zake huuliza maswali ambayo anayepewa bure huona aibu kuyauliza. Umuhimu wa njia hiyo ulionekana mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi ya Afrika Mashariki ikasimama ghafla. Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyotungwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, nayo inataka mashirika yawe wazi zaidi kuhusu fedha na uongozi wao.

Usawa huanzia nyumbani

Jamii inayodai haki sharti ijitazame pia. Kando ya Mto Tana, karibu na Garissa, wanaishi Wamunyoyaya na Wamalakote, wakulima wachache walio jirani na wafugaji wengi. Wapo pia walimu, wauguzi na mafundi kutoka kaunti nyingine, ambao baadhi yao wameitwa wageni katika nchi yao wenyewe. Wanamgambo wa Al-Shabaab wamelenga kuvunja ujirani huo. Waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na mashambulizi yao yamewafanya walimu wengi wasio wenyeji kuondoka.

Lakini Desemba 2015, basi liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo waliosafiri nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Kitendo hicho kilikuwa mchango mkubwa kuliko fedha zozote. Mfuko wa masomo au wa maji unaowaacha nje Wamunyoyaya, wageni au koo ndogo hauwezi kujiita mfuko wa usawa.

Namna ya kuupima ushirikiano

Msomaji anayetaka kuchangia, au anayeombwa kushirikiana na shirika fulani, anaweza kuuliza maswali machache. Je, mradi ulianza na wenyeji au uliletwa umekamilika? Je, shirika la mtaa lina sauti katika bajeti, au hupewa tu kazi ya kugawa? Je, wanawake na jamii ndogo wamo katika kamati? Je, hesabu husomwa hadharani kwa lugha ambayo watu wanaielewa? Na je, mradi unaondoa kikwazo chenyewe, au unawasaidia watu kukivumilia tu?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 204, iliunda Mfuko wa Usawazishaji. Kila mwaka nusu asilimia ya mapato ya taifa inapaswa kutengwa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Orodha ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14, Wajir, Garissa na Mandera zikiwamo. Fedha za mfuko huo zimekuwa zikichelewa na kuzozaniwa. Kifungu hicho kitakoma baada ya miaka 20, yaani mwaka 2030, Bunge lisipokiongezea muda.

Fedha hizo si sadaka. Ni deni, na kila mwananchi anaweza kulidai. Wanaochanga kuchimba kisima Hadado wanafanya jambo jema, na kisima hicho kitaokoa watu na mifugo. Watakaotenga sehemu ndogo ya mchango huo ili mtu asome bajeti, ahudhurie vikao vya umma na kuuliza fedha za kifungu cha 204 zilikwenda wapi, watakuwa wamechimba visima vingine vingi ambavyo wao wenyewe hawangeweza kuvigharamia.